Fremu Sabini na Moja

Usiku wa Julai, Uyole. Baridi imekikalia kiti changu
kabla yangu.
Nimefungua ubavu wa kompyuta,
bisibisi mdomoni,
na Lugano, mdogo wangu, ameshika daftari lake la hisabati,
kurasa za nyuma, zile ambazo mwalimu hafiki.

Andika, namwambia. Kadi ya kwanza:
ile kongwe, niliyoinunua Tunduma
kwa mtu aliyeapa haijawahi kuchimba sarafu,
anaapa huku anaipangusa vumbi kwa mkono wa koti.
Feni yake moja ina kikohozi.

Kadi ya pili imeshuka jana na basi la usiku,
imeviringishwa blanketi la mtoto mchanga.
Ndani yake kuna magunia tisa ya viazi vya Isyonje,
lumbesa zote, dalali akinitazama usoni
huku akiongeza kilemba juu ya kilemba.

Gemu ni ileile kwa zote mbili, na haina huruma.
Kuna bonde, kuna mto, kuna farasi,
msitu ambao kila jani lina kivuli chake,
na ikifika alfajiri ya humo ndani
ukungu unashuka mlimani.
Hapo ndipo kadi huumbuka.

Kadi ya Tunduma.
Bondeni, fremu arobaini na nne kwa sekunde.
Mtoni, thelathini na nane; maji yanameta, sina neno.
Kisha ukungu.
Kumi na tisa.
Kumi na moja.
Farasi anainua mguu

anafikiri

anaushusha.

"Amechoka," anasema Lugano.
Si farasi. Andika joto: nyuzi themanini na saba.
Akaandika: farasi amechoka, 87.

Kubadilisha kadi kulitupotezea nusu saa.
Skrubu moja ilidondoka, ikabingirika chini ya kitanda,
tukaitafuta kwa tochi ya simu kati ya viatu vya shambani,
vidole vimekufa ganzi, mimi nikimlaumu Lugano,
yeye akiilaumu skrubu.

Kadi ya viazi.
Bondeni, mia na mbili! Nikapiga meza.
Mtoni, tisini na sita.
Ukungu ukashuka, nikashika pumzi:
sabini na moja,
na farasi akateleza humo kama mafuta
kwenye kikaango cha moto.
Sikuuona mguu ukiinuka. Niliona mwendo tu.

Lugano alikuwa kimya, ulimi nje, anakokotoa.
"Sabini na moja toa kumi na moja, sitini.
Sitini gawa kwa magunia tisa.
Kaka, kila gunia limekununulia fremu sita
na theluthi mbili."
Akanyamaza kidogo.
"Mama anajua?"

Mama anajua nimenunua kifaa cha kazi.
Na si uongo: kuna harusi tatu za Igawilo
zinasubiri kukatwa na kuunganishwa,
maharusi wamekwama mlangoni mwa kanisa tangu Mei,
bwana harusi mguu hewani.

Jaribio la tatu lilikuwa la kuthibitisha.
Tulifika mtoni.
Luku ikalia mara moja, kama kifaranga,
na mto ukazimika na farasi wake.

Hii mpya inakula umeme; hilo nalo liandikwe.
Lakini giza limemfuata Lugano kwenye tundu la feni,
ameweka viganja vyote viwili pale,
anaota joto la mwisho la lumbesa tisa.

Nikafungua mlango.
Ukungu wa Uporoto umeshuka hadi barabarani.
Lori linapanda kuelekea Mlima Nyoka:
taa, hakuna kitu, taa,
hakuna kitu,
ubavu wa turubai, taa.

"Hilo ni fremu ngapi?" anauliza nyuma yangu.

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu.

Wastani wa majaribio mawili unatosha, nikamwambia,
funga daftari, lala.
Saa kumi na moja tunapanda Isyonje,
kuna matuta manne hayajachimbwa.